Bunduki ya Kulungu: Pima Kitako Kwanza, Kaliba Baadaye

Kila msimu ukikaribia, ujumbe ninaopata kutoka kwa kina dada wenzangu wawindaji wa huku Pennsylvania, Marekani, na kaka zetu wafupi pia, ni ule ule: "Dada, kaliba gani?" yaani risasi ya aina na ukubwa gani. Mara nyingi anayeuliza ameshanunua. Bega limevimba, na mmoja alinitumia picha ya nyusi yenye alama kama mwezi mwandamo, pale darubini ya juu ya bunduki ilipompiga. Nikiuliza kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki inayokaa begani, kina urefu gani, kimya. Muuzaji alimhubiria kasi ya risasi na shabaha ya yadi 500, wakati katika misitu yetu kulungu hukutokea ghafla yuko karibu kuliko gari lililoegeshwa ng'ambo ya uwanja.

Kwa hiyo usahihi wa shabaha nauruka. Bunduki yoyote mpya ya bolti (ile unayopakia risasi kwa kuvuta kipini kwa mkono) kutoka kiwanda kinachojulikana inalenga vizuri kuliko wewe na mimi. Tuongee kitako.

Urefu wake hupimwa kuanzia kwenye triga hadi mwisho wa mpira wa begani. Nyingi hutoka kiwandani na inchi 13.5 hadi 13.75, kipimo cha mwanamume mrefu aliyevaa shati. Sasa, msimu wa bunduki huku hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba, baridi tayari. Siku hiyo nani ana shati? Una sweta, una koti zito, na juu yake nguo ya rangi ya chungwa ambayo sheria inadai, inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni. Unene huo wote unakirefusha kitako zaidi. Kulungu anatokea, unainua, kitako kinanasa kwapani. Ukikinasua kinaishia kwenye mfupa wa bega, unanyoosha shingo kuitafuta picha kwenye darubini, unafyatua. Nyusi hupasuka hapo, halafu lawama anabebeshwa kaliba.

Nenda dukani na koti lako hata kama ni Agosti. Wacheke tu. Mwambie muuzaji afungue bolti muone wote kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, elekeza mtutu pasipo na mtu, fumba macho, weka begani, fumbua. Ukiona duara kamili ndani ya darubini bila kusogeza kichwa, mnaelewana. Ukiona kivuli cheusi pembeni, rudisha. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, kwa sababu bunduki ikishavuka mlango, maduka mengi hayaipokei tena.

Namba moja kwangu ni Savage 110 yenye kitako cha AccuFit, na sifichi mapenzi yangu. Kwa bisibisi ya kawaida unaongeza au kupunguza vipande, kitako kinatoka inchi 12.75 hadi 13.75, na sehemu ya kuegemeza shavu inapanda na kushuka. Mtu wa futi tano na mumewe wa futi sita wanaweza kuitumia bunduki moja. Triga nayo unairekebisha mwenyewe. Bolti yake haitelezi kama ya Tikka, inayofuata kwenye orodha yangu, nakubali, lakini bolti laini haikuponyi bega.

Ya pili ni hiyo hiyo Tikka, T3x Compact kutoka Finland. Nyepesi, laini, kitako kifupi. Bei ndiyo inaishusha. Ya tatu ni Weatherby Camilla, iliyochongwa tangu mwanzo kwa mwili wa mwanamke, inchi 13, mbao nzuri kiasi cha kuogopa kuipeleka kwenye miiba.

Za bei nafuu: Ruger American Compact ina inchi 12.5, inatosha. Tuendelee.

Kaliba? Chukua 7mm-08, ya mwaka 1980, inayotokana na ganda la .308. Inaangusha kulungu bila kukuonea. 6.5 Creedmoor ya 2007 ni nzuri pia, ila mashabiki wake wanachosha. .243 ina teke (pigo la bunduki begani) dogo kuliko zote hizi, lakini haisamehi risasi iliyokaa vibaya. .30-06 ya mwaka 1906 bado ni mzee wa heshima, na teke lake ni kama mara mbili ya la .243, kwa hiyo iache mpaka uwe na safari ya elk, yule kulungu mkubwa. Na ninyi mliokua mkisikia habari za .375 na nyati kule Tanzania, kulungu wa huku si nyati. Walioko jimbo jirani la Ohio, hii orodha ya kaliba siyo yenu: kwenu bunduki za namna hii hutumia risasi za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni, kama .350 Legend.

Kinachonikera ni kwamba kitako kifupi kikiwekwa dukani kinaandikwa "ya vijana," kinapachikwa pembeni, pengine kwa rangi ya waridi, na kaliba inayopatikana mara nyingi ni .243. Mama wa watoto wanne anaambiwa bunduki yake ni ya mtoto! Halafu wanamuuzia ile ndefu kwa "ofa," yenye darubini hafifu juu yake, ambayo atailipia mara ya pili akiibadilisha. Ukiomba modeli fupi unajibiwa iagizwe, usubiri wiki kadhaa. Iagize mwezi wa saba, na ukiwa hapo hapo nunua maboksi ya risasi ya msimu mzima, yote ya toleo moja la kiwandani. Waliokuwa huku 2020 wanakumbuka rafu zilivyokuwa tupu.