Mbegu ya oti kwa Molo na Mau Narok: ipi ununue kwanza

Ukiulizia mbegu ya oti kwenye agroveti ya Molo au Njoro, kaunti ya Nakuru, utaulizwa kilo ngapi. (Ekari moja hula kama kilo 30 hadi 35.) Wewe uliza kwanza ilijaribiwa wapi. Siku za kukomaa zilizoandikwa mfukoni ni za huko ilikopimwa, na baridi huzirefusha. Ya Njoro ikianza kugeuka rangi, ya Mau Narok ingali mbichi.

Chaguo langu la kwanza ni mbegu ya kukomaa mapema, iliyoidhinishwa na kujaribiwa nyanda zetu za juu. Hutoa masuke upesi na kukuachia shamba mapema upande viazi. Kasoro yake ni kwamba kila mche hautoi machipukizi mengi, kwa hiyo majani ya kulisha ng'ombe ni kidogo. Kama unataka nafaka, piga hesabu ya mvua: oti ikikauka Agosti, Molo huwa inanyesha, na punje huota zikiwa bado kwenye masuke. Mapema si faida kila mara. Anayelimia ng'ombe hana shida hiyo. Yeye hukata punje ikiminywa inatoa maziwa.

Ya pili ni ile ya kuchelewa, ndefu, yenye majani mengi. Mfugaji mwenye shamba la kutosha anaweza kuiweka mbele, ila ikitiwa mbolea nyingi huanguka chini.

Ya tatu ni mbegu ya mapema kutoka kaskazini ya mbali, tuseme Ufini. Oti hufuata urefu wa mchana: mchana mrefu huiharakisha. Kule mchana wa Juni hupita saa 18. Hapa ni 12 mwaka mzima, na ule upesi unaweza kupotea kabisa.

Mwisho kabisa ni gunia la jirani. Mimina konzi moja kiganjani, tafuta punje nyeusi-nyeusi zenye manyoya chini na udevu uliosokotwa ukapinda katikati. Hiyo ni oti mwitu. Ikishaingia shambani, mbegu zake hulala ardhini miaka, na wakulima wa ngano wanaijua vizuri. Ukiona hata punje tatu, mrudishie gunia lake. Likiwa safi, otesha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 85, omba bei ipungue au uache.

Kwa mfuko wa dukani, angalia kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Kikwangue mwenyewe, utume namba kwa SMS kwenda 1393 kabla hujalipa.