Tochi ya UV ya kazi: angalia kioo cheusi kwanza, mengine baadaye

Malalamiko yanayotufikia kutoka Shimanzi, Changamwe na Makande yanafanana kama ndugu. Fundi ametoa pesa zake, tochi imeandikwa 365 (nanometa, yaani urefu wa wimbi la mwanga), ameingia chini ya jokofu la kontena alilolitia dai ya UV (rangi inayong'aa ikimulikwa kwa UV, miale isiyoonekana kwa jicho) tangu juzi, na akiwasha anaona zambarau tupu. Bomba zambarau, kiganja zambarau, sakafu zambarau. Gesi inavuja palepale mbele yake lakini alama imezama ndani ya mwanga wa tochi yenyewe. Mwingine anakagua kulabu za winchi kwa dai, na ufa anauona pale tu ambapo alikuwa anajua upo.

Dai haina kosa, wala macho hayana kosa. Kosa ni la tochi, na ndani ya tochi ni la kitu kimoja ambacho muuzaji ukimtajia atakukodolea macho.

Kwa hiyo humu hutakuta habari ndefu za wati, idadi ya LED au kama tochi inavumilia mvua. Wati zinazopigiwa debe ni za umeme unaoingia kwenye LED, hazisemi ni UV kiasi gani inatoka mbele. LED mia moja dhaifu zinabaki kuwa dhaifu mara mia.

Kasoro yenyewe ni hii: mwanga wa kawaida unaovuja pamoja na UV. Dai hufanya kazi kwa kupokea UV, ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa kijani-njano kinachoonekana. Ufa wa uchovu wa chuma ni mstari mwembamba kuliko unywele, na mng'ao wake ni mdogo mno. Utauona iwapo tu pembeni yake pana giza. Sasa tochi ya nanometa 395 inatoa sehemu nzuri ya mwanga wake juu ya 400, mahali ambapo jicho limeshaanza kuona zambarau. Umewasha taa chumbani halafu unatafuta kimulimuli.

Na wasikudanganye kwamba LED ya 365 inamaliza mambo. Hata LED nzuri ya 365 ina mkia mrefu unaoingia kwenye mwanga wa kuonekana. Imulikie kwenye chuma safi bila kichujio, utaona weupe hafifu wa maji ya mchele. Dawa yake ni kichujio cha kioo cheusi mbele ya tochi. Wachina wanakiita ZWB2, kwa Schott wa Ujerumani mwenzake ni UG1, na Hoya wa Japani wana U-360. Ukikishika mkononi utadhani kipande cha mkaa kilichosuguliwa, huoni kitu upande wa pili. UV inapita, mwanga mwingine unabaki nyuma. Tochi isiyo na kioo hicho haifai kukagulia nyufa, iwe ya jina gani.

Kupima dukani ni kazi ya dakika mbili. Nenda na kifuniko cha sufuria ya alumini, kikavu na kisicho na mafuta, pamoja na chupa ndogo ya maji ya toniki. Omba mahali penye giza, hata chini ya kaunta. Mulika kifuniko kwanza. Alumini haing'ai kwa UV, kwa hiyo chochote unachokiona hapo ni mwanga uliovuja. Tochi yenye kichujio itaacha kivuli cha kijivu-buluu usichokijali; ya 395 itapaka duara la zambarau linaloumiza jicho. Kisha mulika toniki. Kwinini iliyomo hung'aa buluu kali kwa 365, lakini kwa 395 inasinzia. Ikifeli yote mawili, rudisha kwenye boksi.

Kipimo ambacho hakithibitishi chochote ni kile wanachokipenda wauzaji: karatasi nyeupe, shati jeupe au noti. Sabuni za kufulia na viwanda vya karatasi hutia dawa ya weupe inayong'aa hata kwa tochi ya bei ya chai na mahamri.

Haya, orodha.

La kwanza: Convoy S2+ ya 365, yenye LED ya Nichia na kioo cha ZWB2. Tunaipendelea waziwazi. Ni tochi ndogo ya alumini inayotumia betri moja ya 18650, na kwa kawaida haipiti dola 40. Wakati wa kuagiza soma vizuri, kwa sababu huuzwa yenye kichujio na isiyo nacho, na picha zake zinafanana. Tunaipenda kwa sababu inafunguka. Kichwa kinazungushwa kwa mkono, kioo kinatoka pamoja na mpira wake wa kuzuia maji, na vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Kama tayari unayo isiyo na kichujio usiitupe: toa kioo cheupe, pima kipenyo na unene wake kwa vernia, agiza ZWB2 ya kipenyo hichohicho, rudisha mpira mahali pake na ukaze bila kutumia koleo. Kioo kinene kuliko cha mwanzo kitazuia kichwa kufunga sawasawa, na unyevu utaingia.

Ina matatizo yake pia. Mwili ni mdogo na joto la Mombasa unalijua. LED ikipata moto UV inapungua wakati wewe unaona tochi inawaka vilevile, maana UV haionekani. Fanya kazi dakika tatu hadi tano, izime, ipoe. Mwale wake ni mwembamba, kwa hiyo mshono mrefu wa weldi utaupitia kipande kwa kipande. Cheti haina. Halafu kuna tatizo la pwani hasa: kioo cha aina hii hakipendi unyevu. Kikikaa miezi kwenye sanduku la vyombo karibu na bahari huota ukungu mweupe juu, UV inapungua, na mwenye tochi analaumu betri.

Betri nayo ina mambo yake. 18650 iliyoandikwa mAh 9900 (kiasi cha chaji inachobeba) ni uongo mtupu. Nyingi za kweli huishia kama 3500. Ipime kwenye mizani ya duka la dhahabu: ya kweli ina gramu 45 hivi, nyingine za uongo ni nyepesi kama pipa tupu.

La pili: Magnaflux EV6000, au Labino ya Uswidi. Hizi ni za mwenye kutoa ripoti itakayosomwa na mkaguzi wa meli, wa kreni au wa bima. Bei ni ya malaki, si ya maelfu. Unacholipia ni cheti kinachofuata ASTM E3022, kiwango cha Marekani cha taa za LED za ukaguzi: kilele kati ya nanometa 360 na 370, kichujio kilichopimwa, na mwanga usioporomoka baada ya nusu saa ya kuwaka. Kumbuka masharti ya kazi yenyewe: juu ya chuma UV isipungue maikrowati 1000 kwa sentimita mraba, kipimo cha kawaida kikiwa umbali wa sentimita 38, na mwanga wa kawaida usizidi lux 20 (lux ni kipimo cha mwangaza). Bila mita ya kupimia UV na lux huna ushahidi, hata tochi iwe ya dhahabu. Na mita uulize kama imepimwa kwa taa za LED. Ya zamani iliyopimwa kwa taa za zebaki inaweza kukusomea uongo.

La tatu, na kwa mafundi wa AC huenda likawa la kwanza: tochi ya buluu au zambarau yenye miwani ya njano. Kuna jamii ya Tracerline ya kazi hii. Hapa tunalegeza sheria ya kioo cheusi, na sababu ipo. Dai nyingi za AC huamshwa vizuri na mwanga wa zambarau na buluu pia, na miwani ya njano inakata mwanga huo kabla haujafika jichoni ikaacha kijani-njano kipite. Kichujio kimetoka kwenye tochi kikahamia usoni. Ndiyo maana tochi hii bila miwani ni kazi bure, na miwani ndiyo kitu cha kwanza kupotea gereji.

Dai yenyewe usiimwage kama mchuzi. Gari dogo linatosha mililita 7 hivi. Ikizidi inachafua mafuta ya kompresa na kila mahali panang'aa. Iendeshe AC dakika 15 angalau, na kama uvujaji ni wa polepole rudi baada ya siku mbili. Anza kwenye vali za kujazia gesi, kisha mdomo wa kompresa upande wa shafti, kisha kondensa, hasa kona za chini ambako chumvi na matope hukaa na kuila alumini. Evapureta huioni bila kufungua dashibodi, kwa hiyo mulika maji yanayodondoka kwenye mpira wa chini: yakiwa na kijani, jibu unalo. Ukishaziba, osha alama zote. Fundi atakayekuja mwakani asije akakimbizana na mvujo uliokwisha.

La nne: taa kongwe ya zebaki ya wati 100. Ukipewa bure, chukua. Huchukua dakika kama tano kupata nguvu, ukiizima inakataa kuwaka mpaka ipoe, na kichujio chake kikipasuka usiiwashe kabisa, kwa sababu hapo inatoa mionzi mikali inayounguza jicho na ngozi.

La tano: zile za LED 51 au 100, za betri za rimoti. Zinafaa kukamatia nge. Tuendelee.

Kamera za UV zinaulizwa sana, na watu wanachanganya mambo mawili. Kupiga picha ya dai inayong'aa hakuhitaji kamera ya UV. Mng'ao ni mwanga wa kawaida, simu inatosha. Zima flashi, tuliza simu juu ya kitu, funga mwangaza kwenye skrini ili isijipandishe yenyewe, na weka kipande cha kioo cha njano mbele ya lenzi. Kamera ya UV kweli ni nyingine. Wenye umeme mkubwa huitumia kuona cheche za korona (umeme unaovuja hewani) kwenye vikombe vya nguzo za umeme, na ukanda wetu wa bahari ndipo chumvi inapoganda juu ya vikombe hivyo. CoroCAM ya Afrika Kusini na DayCor ya Israel hutazama nanometa 240 hadi 280, mahali ambapo jua halifikishi mionzi ardhini, kwa hiyo zinaona cheche mchana kweupe. Usinunue. Ikodi kwa siku, pamoja na mtu anayejua kuisoma.

Sasa wauzaji. Boksi moja, tochi moja, stika mbili: moja 395, nyingine 365, na tofauti ya bei ni mara tatu. Ukiomba kuwasha unaambiwa ukiwasha umenunua. Ukirudi kesho yake, garantii ilikuwa ya swichi, si ya mwanga. Jamani, mtu anauza kifaa cha kupimia usalama wa kulabu inayobeba tani 20 juu ya vichwa vya watu, na hajui nanometa ni nini? Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, hesabu ushuru, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Betri usitegemee kuja nayo: betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, ndiyo maana wengi hukutumia tochi tupu.

Ukishaipata, giza ni lako kulitengeneza. Jua la saa sita Kilindini ni lux laki moja hivi, na wewe unatakiwa uwe chini ya 20. Turubai jeusi la lori lililokunjwa mara mbili linafaa. La buluu linapitisha. Chuma kilichoshinda juani kiache kipoe kwanza, kwa sababu kikipita nyuzi 52 dai inakaukia ndani ya ufa. Safisha, kausha, paka dai, ngoja dakika 10, futa, paka developa (unga mweupe unaoivuta dai itoke ufani), ngoja nyingine 10. Ingia chini ya turubai ukae dakika moja nzima kabla ya kutazama, macho yazoee. Miwani inayojitia giza yenyewe juani ivue, UV ya tochi nayo inaitia giza. Kitambaa cha kufutia kisiwe fulana kuukuu nyeupe: nyuzi zake zinabaki kwenye chuma na kung'aa buluu-nyeupe kama nyufa, wakati dai ni kijani-njano.

Kazi ikiisha, futa kioo cheusi kwa kitambaa kikavu, tia tochi kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na badilisha vipakiti kila vinapochoka. Kioo cha akiba kiagize siku ileile unapoagiza tochi, usafiri ni uleule.