Mwaka Mmoja Katika Boma la Njia: Maoni ya Mwenye Farasi Asiyevaa Viatu

Farasi wangu jike, mwenye umri wa miaka 14, aliingia katika boma hili wiki tatu baada ya kuvuliwa viatu vya chuma. Alikuwa mnene kupita kiasi, na tayari alikuwa ameugua laminitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa wa ndani kwenye ukuta wa ukwato. Sasa ametimiza mwaka mzima huko, na naona nina la kuwaambia wanaofikiria huduma ya namna hii.

Farasi sita wa boma hilo hawaachiwi uwanja wote wa majani. Wanaishi kwenye njia inayozunguka ukingo wa malisho, iliyotengwa kwa nyuzi mbili za uzio wa umeme. Maji yako upande mmoja, jiwe la chumvi upande wa pili, na nyasi kavu zimetawanywa katika vituo vitano, hivi kwamba mnyama hawezi kushiba bila kutembea. Mpango huu ulienezwa na Mmarekani Jaime Jackson, fundi wa kwato aliyewachunguza farasi wa porini wa Great Basin, eneo kame la magharibi mwa Marekani, katika miaka ya 1980 na kuziona kwato zao zikiwa imara bila chuma chochote.

Kilichoniridhisha kuliko vyote ni ardhi yenyewe. Kulizunguka birika la maji kumemwagwa kokoto ndogo za mviringo, mbele yake kuna kipande cha changarawe ngumu, na mahali pa kulala pana mchanga mwingi. Ukwato unapozama kidogo ndani ya kokoto, wayo wote hupata mahali pa kukanyagia, na uzito hauelemei ukuta wa nje peke yake. Miezi ya mwanzo farasi wangu alipita pembeni kabisa, akizikwepa kokoto kwa hatua fupi zilizonitia simanzi. Watunzaji hawakumlazimisha, bali walimvisha viatu vya mpira vya kuvaliwa na kuvuliwa alipotakiwa kupita penye ugumu. Mwezi wa tano alizikanyaga kwenda kunywa maji bila kusita. Ukuta wa ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na ule mpya huchukua karibu mwaka kufika chini kwenye ncha. Kwa hiyo anayeahidi kwato mpya baada ya miezi miwili asiaminiwe.

Lishe nayo inasimamiwa kwa uangalifu. Nyasi kavu hupimwa kwa mizani, kisha hutiwa katika nyavu zenye matundu ya sentimita 3 hadi 4, ili zichukue muda mrefu kuliwa, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi wakati wote, awe anakula au hali, na kukaa na njaa kwa saa nyingi humletea vidonda. Kila shehena hupelekwa maabara, na ile iliyozidi asilimia 10 ya sukari na wanga kwa pamoja ililowekwa majini kwanza, maji yakamwagwa, ndipo farasi wangu akapewa. (Nyavu hizo huning'inizwa chini kwa sababu farasi wote hapo hawana viatu, penye farasi mwenye chuma mguuni ningezikataa, kwani kiatu hunasa.)

Kasoro zipo, na moja ilimuumiza. Wakati wa mvua, kona iliyo karibu na lango iligeuka tope kwa wiki saba, na uozo ukaingia katika ile sehemu laini ya pembetatu iliyo chini ya ukwato. Kokoto zilikuwa zimemwagwa juu ya udongo mtupu, bila mfereji wala kitambaa cha kuzitenganisha na udongo, nazo zikadidimia zote. Kazi hiyo ilibidi irudiwe upya. Katika kipindi hichohicho fundi wa kwato, ambaye hutakiwa kuja kila baada ya wiki 5, alichelewa hadi wiki ya 8. Ncha zikarefuka na ukuta ukaanza kutanuka kwa nje. Nililalamika kwa maandishi, na nikasikilizwa.

Kwa farasi mnene, mwenye kwato dhaifu lakini anayetembea, ninalipendekeza boma hili bila wasiwasi. Aliye katikati ya shambulio la laminitisi asipelekwe kwenye njia yoyote. Huyo anahitaji daktari wa mifugo, matandiko laini na mapumziko, kwa maana kila hatua huzidi kuzichana tishu zilizokwisha kulegea.

Wangu ameanza mwaka wa pili hukohuko. Niliomba jambo moja tu, kwamba tarehe za fundi wa kwato ziandikwe kwenye ubao wa langoni ambapo kila mwenye farasi ataziona, na zimeshaandikwa za miezi sita ijayo.