Dau la Chwaka mpaka Mapopwe: nahodha ana adabu ya maji, laifu jaketi za watoto hana

Nimechelewa kuandika hii lakini nlimuahidi mama ntaandika. Siku ya mwezi 15, mwezi wa kuandama, tulikodi dau pale Chwaka, Unguja, sie watu tisa, mama yangu, mke wangu, watoto wetu wanne, mdogo wangu wa kike na binamu yetu anaeishi Birmingham ambae kaja likizo, tukaingia nalo mpaka ndani ya mkondo wa Mapopwe kule kwenye mikoko, tukarudi magharibi inaingia. Tulielewana kwa simu Sh 120,000 dau zima na petroli ndani yake, haikuongezeka hata senti. Jina la nahodha siliweki kwa sababu sikumuomba ruhusa.

Kabla ya yote niseme kitu ambacho watu wakisifia matembezi ya boti hawakigusi. Watasifia juisi, kivuli, muziki, kamba za kuchoma. Mie naangalia nahodha anawapita vipi watu wengine waliomo majini. Maana maji yale si ya mtembezi peke yake, kuna mtu kaweka dema lake pale, mtego wa samaki, kuna mtu shamba lake la mwani liko pale, kuna mzee ndani ya mtumbwi anasubiri changu mmoja apeleke nyumbani.

Mwaka jana upande mwengine wa kisiwa tulipanda boti ya faiba ya mashine mbili, sitaitaja, tukampita mzee mmoja anavua kwa mshipi kwa kasi ile ile tuliyotoka nayo. Mawimbi yalimwingia mtumbwini, akautupa mshipi akaanza kufua maji kwa kopo la rangi, na yule kijana aliyeshika usukani akacheka akatuambia tujishike vizuri. Mwanangu akaniuliza baba, yule babu atazama? Nkageuka nyuma mpaka nlipomuona kakaa sawa. Chakula chao kilikuwa kizuri wallahi lakini mie hakikunipita.

Sasa Chwaka. Tumetoka dikoni kama robo saa hivi, tukaona mtumbwi wa kina mama wawili wanarudi kutoka kwenye mwani, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kutoka sana, maji yanakuwa kavu kabisa saa nne saa tano asubuhi ndo wanapofanya kazi zao, mchana yakijaa wanarudi na mzigo. Viroba vilikuwa vimelowa, vizito, na mtumbwi umekaa chini mpaka ubavu umebakisha vidole viwili tu kutoka kwenye maji. Nahodha wetu hakusema neno. Alizima mashine, alizima kabisa sio kupunguza, dau likawa linateleza lenyewe, akasubiri mpaka wimbi letu wenyewe likatupita likafa, ndo akatoa salamu. Wakaitikia, halafu yule aliyekaa tezi akauliza, "Nahodha leo umebeba arusi?" Nahodha akasema ndio, bi arusi huyu hapa, akamuonyesha mama yangu ambae ana miaka 71. Yule mama akajibu papo hapo, "Basi mwambieni bwana arusi huku kwetu mahari tunapokea kwa viroba!" Mama yangu akampokea, "Yangu alishaimaliza marehemu, hana deni." Walicheka wote mpaka mtumbwi ukatikisika na mie moyo ukanenda mbio kwa vile vidole viwili.

Hapo binti yangu kashatoa simu anataka kupiga picha. Nahodha akamwambia taratibu tu, "Mwanangu, muombe kwanza bibi." Akaomba. Yule mama akafuta uso akajitanda vizuri kanga yake akasema haya sasa piga. Picha hiyo tunayo, na binti yangu tangu siku ile akitaka kumpiga mtu picha anaomba kwanza, mara ngapi mimi baba ake nimemwambia hayo hayo asiyasikie.

Binamu akatuhadithia kwamba kule Uingereza nako kuna adabu zake. Kuna mifereji ya zamani ilichimbwa kwa ajili ya kubebea makaa na mizigo, siku hizi watu wanatembelea tu, na yeye aliwahi kukodi boti na wenzake wa kazini, boti refu kama gari la moshi lakini upana wake mita 2 na kidogo. Spidi mwisho maili 4 kwa saa, yaani mtu anaetembea kwa miguu ukingoni mnakwenda pamoja na kuzungumza. Na ukifika penye boti za watu zimefungwa ukingoni unapunguza tena zaidi ya hapo, kwa sababu wimbi lako linang'oa vigingi vyao na kumwaga chai zao, na usipopunguza mtu anatoa kichwa dirishani anakwambia. Mkipishana lazima mpungiane mkono, hata kama hamjuani. Na pale penye milango ya maji ya kupandishia na kushushia boti unamuangalia mwenzio anaekuja, kama maji yamelingana na upande wake basi apite yeye kwanza, usiyamwage bure. Nahodha alisikiliza yote hayo huku kashika usukani kwa mguu, akasema, "Kumbe ni kitu kimoja."

Tena binamu akasema wale watu wanaosimama juu ya daraja au ukingoni kuangalia boti za wenzao siku nzima bila ya kupanda, kule wana jina lao kabisa la utani, wanaitwa magonguzla. Watoto wakalishika neno hilo wakawa wanalirudia. Nahodha akasema wetu wako pale chini ya mti dikoni, na kweli, wakati tunapakia kulikuwa na wazee watano wamekaa pale na kila kitu chetu wanakitolea hukumu. Kapu la chakula lilipopita mmoja akauliza, "Hilo nalo limelipiwa nauli?" Mke wangu akawafungulia akawapa bajia, wakasema haya nendeni, dua zetu mnazo.

Mapopwe kwenyewe. Kwa asiyefika, hii ndo misitu mikubwa ya mikoko ya Unguja na iko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, na kwa Zanzibar ni hii moja tu. Wengi wetu tunaijua Jozani ya kima punju, hii ya maji hatuijui. Ukiingia mdomoni mwa mkondo upepo unakatika ghafla. Nahodha akapandisha mashine juu, kijana wake akachukua pondo akawa anasukuma, na sie wenyewe bila kuambiwa tukanyamaza. Unasikia pondo likichomoka kwenye tope, unasikia mizizi inafanya tak tak, vitu vidogo vidogo vinajifunga ndani ya tope. Kaa koko mmoja alikuwa kwenye mzizi karibu na mkono wangu, rangi yake kama chuma kilichoungua, akanitazama nkamtazama, halafu akashuka upande wa pili polepole kama mtu asiyetaka ugomvi. Mwanangu wa mwisho alishika pumzi mpaka akakohoa.

Nlimuuliza nahodha kwa nini asitumie mashine mule, nafasi ipo. Akanambia wimbi likipiga kila siku ile kingo tope inaporomoka, mizizi inabaki nje, mkoko unalala. Akatuonyesha mmoja umelala. Halafu kuna watu mule, akasema, wengine wamo mitumbwini huwaoni mpaka ufike penye kona. Kwa hiyo kila kona kijana wa omo alikuwa anapiga ukelele mrefu, "Hodiii!" kama anabisha mlango wa mtu. Na mara moja kweli tukasikia kutoka ndani ya mikoko, "Karibu, lakini hatujapika!" Tulipoizungusha kona tukamkuta bwana mmoja na mtoto wake wanatoa dema, tasi wamo kama kumi hivi wanang'ara. Tukanunua sita, hatukubishania bei.

Akatufundisha mikoko pia, huu mkandaa, huu mchu, huu msinzi, na boriti za majumba ya Mji Mkongwe zimetoka kwenye miti ya namna hii ndo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, boriti ndo iliyopima chumba. Mama yangu kazaliwa Malindi kwenye nyumba kama hiyo na alikuwa hajawahi kuuona mti wenyewe umesimama. Aliugusa, akakaa kimya kidogo.

Sasa kuchelewa. Nahodha alitwambia tufike dikoni saa saba, tukafika saa nane na robo kwa sababu zetu sie wenyewe, na alitwambia pale pale, maji leo yanajaa saa kumi, saa kumi na nusu tuwe tunatoka. Siku za bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4, si mchezo. Lakini tulikuwa tumeshuka pahala pakavu tunachoma tasi, saa ikakatika. Tulitoka karibu saa kumi na moja na nusu. Akapandisha tanga, kusi likatushika kwa nyuma, raha isiyosemeka, halafu pale karibu na fungu dau likasema kru, likasimama. Tumepwelewa.

Wanaume tukashuka, maji ya magoti, tunasukuma haliendi. Ikaja ngalawa ya vijana wanne wanarudi kuvua. Hapa nataka msome vizuri maana ndo sababu ya mie kuandika. Neno lao la kwanza lilikuwa salamu. La pili, "Watoto wako salama?" La tatu, "Maji ya kunywa mnayo?" Tulipojibu ndio, ndio, ndo utani ukafunguliwa. "Nahodha, umenunua kiwanja?" "Tukuletee matofali?" Nahodha wetu kasimama majini kanzu kaikunja mpaka kiunoni akawajibu, "Leteni na seremala, msingi tayari!" Mwengine akasema yeye anataka chumba cha kuelekea baharini. Huku wanasema hayo washaangusha tanga lao na wawili wameshatumbukia wamo pamoja nasi mabegani. Moja mbili tatu, dau likaondoka. Tulipotaka kuwapa kitu wakakataa, wakasema siku yao ikifika tuwasukume na sie.

Binamu akasema kule kwenye mifereji nako ni hivo hivo, boti likikwama kwenye tope wenzio wanakuchekea na wanakurushia kamba kwa wakati mmoja. Mie nlichokipenda kwa wale vijana ni mpango wake, kwamba uhai umeulizwa kwanza. Nimeshaona mahala watu wameanza na kicheko.

Tuje kwenye kasoro. Laifu jaketi zilikuwepo kumi lakini zote za watu wazima, mtoto wa miaka mitano ukimvalisha inampanda mpaka masikioni, akianguka inamchomoka. Hili halivumiliki na nlimwambia nahodha mwenyewe, sio nyuma yake. Zanzibar hii tumezika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, haijatimia mwaka tukazika wa meli ya Skagit Julai 2012, hakuna mtaa usiomjua mtu. Hakubishana, alisema kweli, akanambia ameshaagiza mjini za watoto nne hajazipata. Mpaka azipate mie nakushauri ukodi au ukaazime zako, mtoto usimpandishe bila.

Turubai la kivuli ni fupi, watu wa nyuma tuliungua, chukueni kofia. Choo hakuna njia nzima, kina mama mjue mapema, dikoni kuna msikiti jirani, tumieni kabla ya kupanda. Simu mule ndani ya mkondo mtandao ulikuwa unakatika.

Na uangalie tarehe ya mwezi kabla hujapiga simu. Ukitaka kuingia ndani kabisa chagua mwezi 14 mpaka 16 au siku za mwezi mwandamo, utoke mchana, maji yanajaa alasiri. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, usiende, utazunguka nje tu utarudi unasema Mapopwe haina kitu.

Tulifika dikoni adhana ya magharibi inaadhiniwa. Wale wazee bado wapo chini ya mti. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mnatoka Mapopwe au Maskati?" na mwanangu wa mwisho, yule aliyekohoa, akasimama juu ya ubao akawapungia mikono miwili akapiga ukelele, "Magonguzlaaa!" Wale wazee hawakujua neno lakini walimpungia wote. Nahodha akamshusha kwa kumbeba, akamshusha mama yangu kwa kumshika mkono mpaka mchanga mkavu, ndo akapokea pesa zake, akazitia mfukoni bila ya kuzihesabu.

Mwezi 15 ujao tunarudi. Jaketi ndogo mbili nshanunua, na mama kasema safari hii yeye ndo atakaetutoa nyumbani.