TAHADHARI: Matapeli wa makabati ya jikoni wanaokula advansi za watu Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaomalizia nyumba au kukarabati, hasa mlioko Dar es Salaam na Pwani, someni hili kabla hamjatuma advansi ya jiko kwa mtu mliyemkuta Instagram. Kuna watu wanapokea oda za makabati ya jikoni, wanachukua zaidi ya nusu ya hela, halafu wanaleta maboksi ya ovyo au hawaleti kitu kabisa. Wifi yangu, anayemalizia nyumba yake Goba, wamemla shilingi 3,540,000. Jina la ukurasa wao silitaji kwa sababu suala liko polisi, na hata nikilitaja halitawasaidia: ukurasa ule umeshafutwa, na picha zilezile za majiko sasa zimetundikwa kwenye ukurasa wenye jina jingine. Kinachowatambulisha ni namna wanavyofanya kazi.

Wanaanza na bei. "Jiko kamili milioni nne na laki mbili, granaiti na ufungaji ndani yake, ofa inaisha Jumapili." Mtu mwenye milioni tano mkononi, ambaye kwingine kote ameambiwa saba, anaona Mungu amemfungulia mlango. Anakuja kijana nadhifu, ana adabu, shikamoo kwa kila mkubwa, na kipimo cha leza mkononi. Jioni anatuma mchoro wa jiko lako WhatsApp, umekaa kama picha halisi, hadi bomba linang'aa. Jamani, mchoro wa namna ile unatolewa kwa programu ya bure na mtu yeyote mwenye kompyuta. Hauthibitishi kwamba anamiliki hata msumeno.

Kisha inakuja ankara, na hapa naomba tutulie, maana wizi wenyewe umekaa hapa. Ankara ya wifi ilikuwa na mstari mmoja: "Makabati ya jikoni MDF, mita 7." Basi. (MDF ni bodi ya nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi.) Unene wa bodi haukuandikwa, wala idadi ya bodi, wala aina ya bawaba, wala reli za droo, wala granaiti ni mita ngapi na itakatwa tundu la sinki na nani. Mafundi wengi waaminifu nao hupiga bei kwa mita, hilo si kosa. Lakini mita bila maelezo ya vifaa ni ruhusa ya kukuletea chochote. Ukija kulalamika, atakwambia hicho ndicho mlichokubaliana, na karatasi itamtetea yeye.

Alipotaka kuona karakana, wakampeleka Keko. Akaona mafundi wanapiga randa, makabati ya watu yamepangwa, akaridhika. Tulipokwenda baadaye kuulizia, mwenye karakana alishangaa. Kijana yule huwa anapita na wateja akiomba "awaonyeshe kazi", lakini hana benchi pale na hajawahi kuchonga kitu pale. Mafundi wa Keko wamejenga jina kwa jasho la miaka mingi, na hawa wanalitumia kuibia watu. Limeniuma sana. Ukipelekwa karakana, muulize fundi aliyeko kwenye mashine, si aliyekupeleka: "Bosi wako nani?"

Hela ilidaiwa asilimia 70, yaani 2,940,000, kwa namba ya simu ya kawaida. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke ambaye hakuwahi kutajwa. Wakasema ni mhasibu. Baadaye wakaomba 600,000 nyingine, eti dola imepanda na granaiti imekwama bandarini. Mwisho wakashusha makabati ya chini tu, bila milango, bila droo. Fundi bomba alipounga sinki maji yakamwagika kidogo, na kulipokucha kingo zilikuwa zimevimba na kumeguka. Ilikuwa chipubodi ya milimita 15, na kingo za chini ya sinki hazikuzibwa. Alipowapigia, wakamblokia.

Kutofautisha bodi hakuhitaji ufundi. Tazama bodi ilipokatwa: MDF ni laini, rangi moja, haina chembe zinazoonekana, chipubodi inaonyesha vipande vya mbao vilivyogandishwa, na katikati ina mianya. Pima unene kwa tepu, milimita 18 iwe 18 kweli. Bodi nzima ya MDF ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ina uzito wa karibu kilo 40, kwa hiyo mtu mmoja akiibeba juujuu kama karatasi ngumu, uliza. Na msidanganywe na rangi ya kijani katikati ya bodi. Bodi inayostahimili unyevu hutiwa kijani ili itambulike, lakini rangi yenyewe haizuii maji. Bodi yoyote kati ya hizo, kingo zisipozibwa, chini ya sinki itateseka.

Kama bajeti ni ndogo, njia ninayoiamini ni kununua bodi mwenyewe, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iandikwe jina lako, na fundi umlipe ufundi tu. Mwambie akuandikie orodha ya vipande kwanza: kaunta kimo cha sentimita 85 hadi 90, kina 60, makabati ya juu kina 30 hadi 35. Kwa orodha hiyo utajua bodi ngapi zinahitajika, na maduka mengi ya bodi yana mashine ya kukata na kuziba kingo palepale. Ufundi ulipwe kwa hatua: maboksi yakisimama ndani ya nyumba yako, milango ikifungwa, kazi ikiisha. Asiyetaka mpango huo mwache aende.

Na kama hata hivyo hela haitoshi, msidharau kaunta ya zege. Kuta fupi za matofali, zege juu, vigae, kisha fundi anafunga milango mbele. Chini ya sinki hakuna kitu cha kuvimba. Makabati ya juu yanaweza kusubiri mwakani.

Anayejiita kampuni, litafute jina lake kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, mtandaoni, na hela iende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina hilohilo. Jina likitofautiana, usitume, hata akikwambia ofa inaisha usiku huu.

Uliyekwisha kutuma, usifute chochote. Hifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo, ankara, picha za ukurasa na picha za mzigo, kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Piga pia huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu mapema, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu. Jumbe za kitapeli wanazokutumia zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyozituma.

Wifi anayo RB yake tayari. Mpelelezi amesema wakijitokeza wengine waliotuma kwenye namba ileile, kesi itakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo wewe uliyelipia jiko, ukapelekwa Keko na kijana mwenye kipimo cha leza, na jina la mwanamke likatokea kwenye muamala, niandikie faragha. Tutalinganisha namba, na zikifanana tutakwenda kituoni pamoja.