Hema la kukodi na usiku wetu wa Tagalala

Tangu turudi kutoka Ziwa Tagalala, watu wananiuliza nilikodi wapi hema. Mahali penyewe sipataji, na hata nikipataja haitawasaidia sana, maana kwa namna nilivyokwenda kukodi, yaliyonikuta yangenikuta duka lolote. Nilikwenda Alhamisi saa moja usiku, nimetoka kazini, njaa inauma, foleni ya Shekilango imenichosha, na safari ni kesho yake alfajiri. Mtu wa namna hiyo hakagui kitu. Anauliza bei, anabeba.

Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, vijana wetu wawili, shemeji yangu na mkewe. Sisi wa Dar tukisema tunakwenda kulala kwenye hema, mara nyingi ni Kigamboni, mchanga mpaka kwenye wali. Mara hii tulitaka ziwa. Kijana mkubwa ndiye aliyeleta habari za maziwa ya Rufiji: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia, ambayo mto umeyaacha kandokando yake kwa kuhamahama njia kila unapofurika. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, kilomita za mraba 30,893. Shemeji akadhani tunakwenda kwenye lile bwawa la umeme la megawati 2,115. Hapana. Bwawa liko juu zaidi kwenye mto huohuo. Huku tulikokwenda ni bondeni, na maziwa haya yalikuwapo kabla ya injinia yeyote.

Gari tulikodi pamoja na dereva, Land Cruiser ya zamani ambayo milango yake ilihitaji kubamizwa. Hapo sina lalamiko hata moja. Dereva, mzee wa makamo asiyependa redio, alikuja na matairi mawili ya akiba, koleo, na kamba nene kama mkono wa mtoto. Mpaka Kibiti ni lami, unapita Mbagala, Mkuranga, mihogo ya kuchoma na korosho barabarani, hakuna la kusimulia. Ukishakata kulia kuelekea Mloka ndipo utajua kama gari lako ni gari. Tulikwenda mwezi wa nane, kavu, na bado kuna mahali alishuka kutazama kwanza kabla ya kupitisha tairi. Nilimuuliza wakati wa masika inakuwaje. Akacheka tu. Tuliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, tukafika lango la hifadhi la Mtemere saa saba mchana, tukiwa tumesimama Kibiti kunywa supu.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha pesa imo kwenye simu kabla hujaacha lami, kwa sababu kwetu mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama umeme wa zamani. Kibali kinahesabiwa saa 24. Ukiingia saa saba mchana wa Ijumaa, kwa usiku mbili unatakiwa uwe umetoka Jumapili kabla ya saa saba. Sisi tulitoka saa sita na dakika hamsini, dereva akiwa ameukaza uso na mwendo wake uleule wa taratibu, maana ndani ya hifadhi hukimbii.

Sasa hema.

Nilikodi mawili, moja la watu wanne na moja la watu watatu, shilingi 20,000 kila moja kwa usiku mmoja. Magodoro manne ya kujaza upepo, 5,000 kila moja kwa usiku. Jumla 120,000 kwa usiku mbili, na dhamana ya 100,000 juu. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu kweli. "Bosi, hema hili limefika mpaka Kilimanjaro." Nilipolifungua kando ya Ziwa Tagalala saa kumi jioni nikaamini kwamba limefika, tena kwa miguu.

Dogo lilikuwa zima. Kubwa, ambalo ndilo tungelala sisi na watoto, fito yake moja ilikuwa imevunjika katikati ikafungwa kwa solatepu, na ile solatepu imeota vumbi hata huoni inapoanzia. Vigingi vilitakiwa kumi na viwili, mfukoni mlikuwa na saba, na kati ya hivyo saba viwili ni misumari ya nchi sita. Kifuniko cha juu cha kuzuia mvua kilikuwa cha hema jingine, kimepungua shibiri mbili kila upande. Sakafu inanuka samaki. Yote hayo tuliyamudu: dereva alichonga vigingi kutoka mti wa kreti letu la nyanya, shemeji akafunga kona moja kwenye bampa ya gari, na mwezi wa nane mvua si ya kuogopa sana. Kilichotushinda ni zipu. Ilifunga vizuri hadi usawa wa magoti, halafu ikaanza kuachia nyuma yake, meno yamefumbuka kama mdomo wa kambale. Ukiirudisha, inaachia tena. Mama watoto aliitazama kwa muda, akaenda kwenye ndoo ya vyombo, akarudi na vibanio vya nguo. Alikuwa amebeba kumi na viwili kwa ajili ya kuanika taulo. Akavipanga kwenye mlango kimoja kimoja, kama anaanika soksi za shule.

Kambi yenyewe ni uwanja chini ya miti, choo cha shimo, na ziwa mbele yako. Hakuna duka, hakuna bomba la maji ya kunywa, hakuna taa. Mimi napenda hivyo. Mke wa shemeji hakupenda hivyo, na ana haki, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia "kuna kila kitu". Kila kitu ni ulichobeba. Tulikuwa na madumu matano ya lita ishirini, nikidhani nimezidisha. Asubuhi ya Jumapili tulikuwa tunasukutua kwa kikombe cha chai. Tulikuwa sita, na dereva, na askari wa hifadhi, watu wanane, na watoto walikuwa wakinawa miguu kila walipoingia hemani kama wanaingia msikitini. Beba madumu saba. Mkaa na mtungi mdogo wa gesi pia toka navyo nyumbani. Mkate ufungie ndani ya gari. Wa kwetu uliondoka na tumbili saa moja asubuhi, mzima, na karatasi yake, na akaula juu ya tawi akitutazama. Mifuko ya plastiki usijisumbue kuibeba, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Na mavazi. Mbung'o wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, hilo si hadithi, ndiyo sababu hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha rangi hizo. Shemeji alivaa jinzi ya bluu iliyoiva. Njia nzima kutoka langoni alikuwa anajipiga mapaja kama mcheza ngoma, na dawa ya mbu aliyojipaka ikawa kama amejipaka asali. Siku ya pili akaomba msuli wa dereva.

Ziwa ni pana na halina haraka. Pembeni mwake mna mivumo, mingine imekufa imebaki nguzo tupu, na juu ya kila nguzo amesimama furukombe au korongo. Mamba wamelala ukingoni midomo wazi. Si ukali, ndivyo wanavyopoza miili. Kwa mbali niliwahesabu kumi na tisa, kisha gogo la ishirini nalo likaingia majini. Kwa hiyo nisikilize: hili si ziwa la kuogelea. Si kidogo, si miguu tu, si "nachota maji mara moja". Askari alituonyesha mahali pa kukaa, na kutoka hapo mpaka maji kulikuwa na hatua kama arobaini, na hatukuzipunguza. Vijana walinuna. Jumamosi tukawapeleka kwenye chemchemi za maji moto, ambazo haziko mbali na Tagalala. Maji yanatoka mlimani yakiwa ya moto wa kuunguza, yakishuka yanapoa, na vidimbwi vya chini mtu anaoga. Huko walikaa mpaka ngozi za vidole zikakunjamana. Njiani tulipita pia Beho Beho kwenye kaburi la Selous mwenyewe, Mwingereza aliyepigwa risasi hapo Januari 1917 katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Mama watoto alilitazama, akasema, "Kote huku, tumekuja makaburini?" Tukaondoka.

Viboko mchana ni masikio na pua tu, kundi zima linakoroma ungedhani wazee wamesinzia kwenye baraza. Ukiwatazama mchana huwezi kuamini habari zao za usiku. Jua likizama wanatoka kula majani, na majani mazuri, kwa bahati yetu, yako pale tulipopiga hema.

Askari alitueleza jioni, bunduki mapajani, anakula ugali wetu na dagaa. Kiboko akitoka majini ana njia yake. Usikae kati yake na ziwa. Usimmulike tochi. Usitoke kwenda chooni, tumia ndoo. Mama watoto akamuuliza, "Sasa kaka, akija mlangoni?" Askari akatafuna kwanza. "Mama, ukisikia anakula, mwache ale. Akinyamaza ndipo uniite."

Niliamka saa nane usiku, si kwa kelele. Godoro langu lilikuwa limeisha upepo nikawa nimelala juu ya mzizi. Nikawa natafuta mahali pa kuweka ubavu, ndipo nikasikia. Sauti ile kwa mbali ungesema mtu anachana kanga: chwaaa, kimya kidogo, chwaaa. Majani yanang'olewa. Halafu pumzi, ndefu, kama basi linaloachia breki. Kupitia ile sehemu ya mlango ambayo zipu imeachia, kati ya kibanio cha nne na cha tano, palikuwa na mwezi na nyasi. Kisha mwezi ukazibwa. Sikuona kiboko, niliona kitu cheusi kikipita taratibu mahali palipokuwa na nyasi, na kilichukua muda mrefu kwisha kupita. Harufu ya matope ikaingia. Kijana mdogo alikuwa amelala fofofo, mkubwa alikuwa macho kanishika mkono wa shati, na mama yao alikuwa amekaa, anatembeza midomo bila sauti. Chwaaa. Nilijikuta naomba aendelee kula. Sijawahi kumtakia mtu shibe kwa moyo namna ile.

Alikula karibu nusu saa. Asubuhi tulikuta nyasi zimekatwa sawasawa kama kwa slasha, hatua tano kutoka kwenye kile kigingi cha kreti la nyanya, na mavi yametawanywa kwenye kichaka kwa ule mkia wao. Dereva alilala ndani ya gari na hakusikia lolote.

Kwa hiyo kama unaniuliza maksi: ziwa naogopa kulipatia maksi kwa sababu litajaa watu. Askari, kumi kwa kumi. Gari na dereva, tisa, moja nimeikata kwa ajili ya milango. Vifaa vya kukodi, tatu, na hizo tatu ni za lile hema dogo. Kukodi si kosa kwa mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza, ila lisimamishe palepale dukani, hata kama ni barabarani na watu wanapita wanakucheka. Hesabu vigingi. Funga na kufungua zipu mara kumi. Jaza godoro, lilalie, kunywa soda, uone kama bado unaelea. Mimi mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo nikapata hema la watu wanne kwa 145,000, nikalisimamisha kwenye ua wetu Tabata, vijana wakalilalia usiku mzima na jogoo wa jirani. Kwa bei niliyokuwa nakodi, likienda safari nne kama ile limejilipa. Gari nitaendelea kukodi, maana tairi za Kibiti-Mloka sitaki ziwe zangu.

Dhamana ilikuwa na maneno yake. Yule kijana wa dukani alifungua hema kubwa kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu litoke Kilimanjaro, akashika zipu akasema nimeiharibu. Nikamwonyesha solatepu ya kwenye fito, nikamuuliza na hii nimeiharibu lini, imeota vumbi la miaka mingapi. Akacheka, nami nikacheka, tukabishana karibu saa nzima wateja wakiingia na kutoka, tukaishia yeye kubaki na hamsini na mimi kuondoka na hamsini. Nimefika Ubungo ndipo mama watoto akapiga simu kuuliza vibanio vyake. Vinane alikuwa navyo. Vinne viko bado kwenye ule mlango.