Pikapu ya Land Rover Series III ya petroli: tathmini ya gari la zamani lililogoma kuwaka

Pikapu hii niliinunua Jumamosi, nikaiendesha kilomita 30 hivi hadi nyumbani bila tatizo lolote, na Jumapili asubuhi ikakataa kuwaka. Kwa sababu hiyo nitaeleza kwa kirefu siku nne nilizokaa nimeinamia injini yake, na kwa ufupi tu jinsi inavyokwenda barabarani. Anayefikiria kununua gari la umri huu atakutana na siku kama hizo mapema kuliko anavyodhani, na ni afadhali ajue gari lenyewe humtendeaje mtu anayelitafutia ugonjwa.

Ninalolizungumzia ni Land Rover Series III ya chesi ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, yaani mita 2.77, iliyoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Langu ni la mwaka 1978, lina kabini moja na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sisi (cc) 2,286. Umeme wake ni wa volti 12, distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ni ya platini, vile visahani viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kuukata umeme, kabureta ni moja, na pampu ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe. Bodi ni ya aloi, kwa hiyo rangi ilikuwa imefifia lakini kutu haikuonekana; chesi ndiyo ya chuma, na huko nilipita na nyundo ndogo nikigonga kuanzia mbele hadi nyuma, nikisikiliza mahali mlio unapobadilika. Namba ya chesi niliilinganisha na iliyo kwenye kadi. Hayo niliyafanya vizuri. Nilichokosea ni kwamba nilipofika kwa muuzaji nilikuta injini imekwisha kuwashwa na imepata moto, gari limeegeshwa kwenye mteremko, na sikuona ajabu yoyote. Gari la zamani hukaguliwa likiwa la baridi. Mnunuzi aweke kiganja juu ya injini kabla hata hajamaliza salamu, na akikuta pana joto, aombe kurudi kesho yake alfajiri.

Jumapili, nilipozungusha ufunguo, stata ilitoa mlio mmoja wa "tk", taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Kila jirani aliyepita alitangaza kwamba betri imekufa. Niliichomoa nikaipima, ikasoma volti 12.6, ambacho ni kiwango cha betri iliyojaa. Nikasugua vichwa vyake kwa msasa, nikavikaza, nikamwomba mke wangu akae kwenye usukani azungushe ufunguo wakati mimi natazama chini ya boneti. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona: waya wa choki (kizibo cha kupunguza hewa injini ikiwa ya baridi), ule unaotoka kwenye dashibodi kwenda kwenye kabureta, ulianza kutoa moshi. Ulikuwa uzi mwembamba tu wa rangi ya buluu ukipanda kutoka kwenye ganda la waya, pamoja na harufu ya plastiki inayoungua. Nilipiga kelele azime, nikaugusa waya kwa ujinga wangu, nikaungua kidole.

Waya wa choki hauna kazi yoyote ya umeme, kwa hiyo moshi ule ulikuwa umeshataja ugonjwa. Injini ya gari hili imekalia mipira, na chuma chake hakigusani na chesi. Ili umeme wa stata urudi kwenye betri ni lazima pawe na mkanda wa ethi unaounganisha injini au giaboksi na chesi. Mkanda huo ukikatika, umeme hupita kwenye chuma chochote kinachounganisha pande hizo mbili, na hapa kilichobaki kilikuwa kiwaya chembamba ambacho kimewekwa kwa ajili ya kuvutwa kwa mkono. Nilithibitisha kwa mita ya umeme: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, huku stata ikipigwa. Kipimo hicho kinatakiwa kisifikie hata nusu ya volti, lakini changu kilisoma volti 4 na ushei. Nilipoingia chini ya gari niliukuta mkanda wenyewe, uliosukwa kwa nyuzi za shaba, umegeuka kijani, na kwenye boliti umebakiwa na nyuzi zisizozidi sita. Nilitengeneza mwingine kutokana na kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, nikaisugua chesi hadi chuma king'ae, nikafunga, nikapaka grisi juu yake. Stata ikazunguka kwa nguvu kabisa. Ndipo nikakumbuka ule mteremko wa muuzaji, nikaelewa gari lilikuwa linawashwaje siku zote.

Injini ilizunguka lakini haikuwaka. Niliendelea kupiga stata hadi fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, aliyekuwa akisikiliza kutoka ng'ambo ya ua, aliposhindwa kuvumilia akaingia. "Kijana wangu, usiitese hiyo betri," alisema. "Fungua plagi kwanza tuone kama zimekunywa." Zilikuwa zimekunywa: zote nne zilitoka zimelowa petroli, maana yake mafuta yanafika na kinachokosekana ni moto wa kuyachoma. Mzee alikagua mpangilio wa waya za plagi, akakuta ni 1-3-4-2 kama inavyopaswa, kisha akauchomoa kwenye kofia ya distributa waya mnene unaotoka kwenye koili, inayoukuza umeme wa betri, akaushika kwa mpira akiwa ameuacha kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche inayotakiwa ni ya buluu na hulia kama kuni kavu. Ile tuliyoiona ilikuwa ya manjano, dhaifu, na mara nyingine haikutokea kabisa.

Ukurasa huu wa hadithi ndio ulionifanya nilipende gari hili, kwa sababu kila hatua iliyofuata ilionekana kwa macho. Kofia ya distributa hushikiliwa na vibanio viwili, na ukiiondoa platini ziko mbele yako. Hendeli ya kuwashia kwa mkono ambayo muuzaji aliniachia nyuma ya kiti, na ambayo nilidhani ni pambo, huchomekwa mbele kwenye bampa na kukuwezesha kuigeuza injini taratibu kiasi unachotaka, hasa plagi zikiwa nje. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudi nyuma ghafla hukivunja. Tuligeuza hadi platini zikafunguka kikomo chake. Uso mmoja ulikuwa na kishimo na mwingine kijilima, na nafasi kati yake haikufika hata nusu ya inayotakiwa, ambayo ni milimita 0.35 hadi 0.40. Zaidi ya hapo, zilipofunguka swichi ikiwa imewashwa zilitoa cheche kubwa nyeupe pale pale kwenye platini. Mzee alicheka. Kazi ya kondensa ni kuuzuia umeme usiruke mahali hapo, na ikifa, umeme ambao ungekwenda kwenye plagi huishia kuziunguza platini. Kifaa hicho hakizidi ukubwa wa kifundo cha kidole, na huua injini nzima.

Kuhusu vipuri, maoni yangu yamegawanyika. Vinapatikana kwa urahisi unaoshangaza kwa gari lililoacha kuundwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na bei yake ni ndogo: platini, kondensa, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) na kofia mpya kwa pamoja havikufikia bei ya tairi moja la mtumba. Ubora wake lakini ni bahati nasibu. Kondensa ya kwanza niliyouziwa, ikiwa kwenye boksi jipya linalong'aa, ilikufa siku ya pili injini ilipopata joto. Rota mpya nayo ilikuwa imefungwa kwa ripiti (kijiti cha chuma cha kubania) ndefu iliyokaribia mno mhimili wa distributa, na umeme ukawa unavujia humo badala ya kwenda kwenye plagi. Kasoro hiyo tuliigundua kwa kuuleta waya wa koili karibu na shaba iliyo juu ya rota huku stata ikipigwa: rota nzima haitoi cheche hapo, hii ilitoa. Tuliirudisha rota ya zamani, ambayo ripiti hiyo haina, tukaisafisha, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Duka sitalitaja, kwa kuwa nadhani muuzaji wake alikuwa hajui zaidi yangu. Anayenunua gari hili asitupe kipuri cha zamani hata kimoja kabla kile kipya hakijapitisha wiki. Wapo wanaoshauri kuondoa platini kabisa na kuweka kifaa cha elektroniki, na ni kweli kwamba gari huwaka upesi zaidi na platini hazihitaji tena kupimwa; mimi nimekataa, kwa sababu kifaa hicho kikifa porini hakuna cha kufanya, ilhali platini nimekwisha kuzisugua kando ya barabara kwa kipande cha msasa na kupima nafasi yake kwa jalada la daftari.

Baada ya kondensa kubadilishwa injini iliwaka mara ya kwanza tu, ikanguruma kwa dakika tatu hivi, ikakohoa, ikazima. Hapa kosa lilikuwa langu mwenyewe. Pikapu hii ina matangi mawili, moja chini ya kila kiti, na kwenye boksi la viti kuna kigeuzi kidogo cha kuchagua tangi. Jumamosi jioni nilikuwa nimekizungusha ili nione kinafanya nini, nikasahau. Petroli iliyokuwa imebaki kwenye kabureta ndiyo iliyozilowesha plagi Jumapili na ndiyo iliyoiendesha injini kwa dakika zile tatu. Tangi la pili lilikuwa na maji na matope kuliko petroli. Sikulazimika kukisia: pampu ya mafuta ina kikombe cha kioo chini yake, na ndani yake mstari ulionekana wazi, maji ya rangi ya chai chini na petroli kidogo inaelea juu. Nilikifungua, nikakimwaga, nikakifuta, nikarudisha kigeuzi upande wa kulia, kisha nikapampu kwa kiwiko kidogo kilicho kando ya pampu hadi kikombe kikajaa. Kiwiko hicho kikionekana kulegea na hakisukumi kitu, pampu haijafa. Kamu ya injini imeusimamisha mkono wake mahali pabaya, na ukigeuza kidogo kwa hendeli kitashika. Nilipoteza saa nzima kwa kutolijua hilo.

Barabarani sina mengi ya kusema. Gia zote nne za mbele huingia kwa utulivu, usukani ni mzito mjini, breki ni za dramu magurudumu yote na zinataka mguu wa mtu aliyekula, na zaidi ya kilomita 80 kwa saa mazungumzo hukoma. Petroli inakula: ninapata kilomita 6 hivi kwa lita, na mwenye safari za kila siku za mjini ajiulize mara mbili. Kwa kubeba mbolea, magunia na vyuma kwenye barabara ya vumbi sijaona cha kulalamikia. Wenye magari haya hawako peke yao, kama ilivyoonekana Oktoba 2024 Arusha, pale Land Rover zaidi ya elfu moja zilipokusanyika. Uliza swali lolote kuhusu platini mbele ya watu wale, utapata majibu matano.

Kwa anayetaka chombo cha kuingia asubuhi, kuzungusha ufunguo na kuondoka, siishauri pikapu hii hata kwa nusu ya bei. Kwa mwenye mita, fila ya kupimia platini, spana ya plagi, eneo la kuegesha lenye kivuli na mzee mmoja jirani, ninaishauri bila kusita: makosa matatu yaliyonishika kwa mpigo niliyaona yote kwa macho yangu, moja likifuka moshi, la pili likitoa cheche, la tatu likielea ndani ya kioo. Ninayo mengine yanayosubiri. Mafuta yanavuja chini ya giaboksi kiasi cha kifuniko cha soda kwa usiku mmoja, na mlango wa kushoto haufungi usipoubamiza. Tangi la pili bado halijasafishwa, kwa hiyo kigeuzi nimekifunga kwa waya upande wa kulia ili mimi mwenyewe nisikiguse tena.